Posta Haina Kiingilio

Ukimwambia kijana mwenzako wa Dar es Salaam kwamba Jumamosi unakwenda Posta kutembea tu, atakuuliza una kesi gani. Posta ni mahali pa kwenda kwa sababu: kufuatilia cheti, kugonga muhuri, kuvuka kwenda Kigamboni. Kutembea ni Zanzibar, ni Bagamoyo. Na hata anayekubali kwamba mitaa ile ya kale ina cha kutazama ataongeza kwamba inataka mtu mwenye pesa, kwamba bila elfu hamsini mfukoni utaishia kupigwa jua na kurudi nyumbani na kiu.

Nabishana na kauli zote mbili. Eneo lile lililo kati ya bandari, Barabara ya Samora na Bustani ya Mimea ni kitabu cha historia ambacho mtu wa miguu mwenye buku tano anaweza kukisoma kuliko mtu mwenye gari la kiyoyozi. Na tusipokwenda kukisoma sisi wenye buku tano, kitanyofolewa ukurasa mmoja mmoja, halafu tutaambiwa kwamba hakikuwa chetu tangu mwanzo.

Tuanze na hesabu, maana mjadala wa pesa usio na hesabu ni majungu. Mwendokasi kwenda na kurudi, elfu moja na mia tano. Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie, elfu mbili. Kahawa na kashata kwa mzee wa dele, mia tano, na hapo umerudia kikombe. Maji, mia tano. Jumla elfu nne na mia tano. Inabaki mia tano: pantoni ya Kigamboni ni mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Umebakiwa na mia moja ya kumpa mtoto wa jirani. Kwa pesa hiyo utapata siku nzima, kuanzia asubuhi mpaka jua likizama.

Ninaiweka pantoni kwenye bajeti kwa makusudi. Wajerumani walipouhamishia Dar es Salaam makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walijenga mji wa kutazamwa na mtu aliye melini. Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, lililojengwa kuanzia 1897 hadi 1902, yote mawili yamesimama mbele ya maji kama watu waliotumwa kupokea wageni. Ukisimama pembeni ya pantoni, katikati ya baiskeli, ndoo za samaki na bodaboda, unauona mji kama ulivyokusudiwa kuonekana: mnara, vigae vyekundu, mnara mwingine. Abiria wa meli ya Ulaya alilipa nauli kubwa kuiona sura hiyo. Wewe umelipa mia mbili.

Sasa shuka utembee. Nyuma kidogo ya bandari, Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe, yupo askari wa shaba nyeusi, bunduki mkononi, singe ameielekeza bandarini. Tunampita kila siku tukikimbilia kituo. Tumempa jina la kituo. Aliwekwa pale na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, na maneno ya kibao chake yaliandikwa na Rudyard Kipling, yakawekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Zunguka sanamu yote ukitafuta majina hayo. Hakuna hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani pale mpaka uambiwe. Sanamu ya kumbukumbu hiyohiyo iliyoko Nairobi ina watu kadhaa, na mmoja wao ni mpagazi, mbeba mizigo. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake. Mpagazi kapewa maneno kwenye kibao, mwili hana. Wapagazi waliokufa katika vita ile, kwa njaa, kwa kuhara, kwa mizigo, ni makumi ya maelfu. Wako wapi Dar es Salaam? Wako Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo waliopiga kambi pale, likasagwa na ndimi zetu mpaka likawa letu. Askari alipewa sanamu mbele ya maduka ya wazungu. Mpagazi akaachiwa jina upande wa pili wa Mnazi Mmoja, na tukalisahau maana yake huku tukilitamka mara kumi kwa siku. Kutoka sanamu mpaka soko ni mwendo wa chini ya nusu saa. Utembee kwa miguu. Ukiutembea umesoma sura nzima ya historia ya nchi, na hujatoa hata senti.

Kabla ya askari huyo, mji huu ulikuwa na sanamu nyingine: ya Hermann von Wissmann, mtu aliyeuvunja upinzani wa pwani na ambaye chini ya amri yake Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu; chini yake akawekwa askari Mwafrika akimwangalia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliing'oa. Ikaishia Hamburg, ikasimamishwa tena chuo kikuu mwaka 1922, na wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakaja kuiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Nakukumbusha habari hii kwa sababu ya hoja ninayoisikia kila ninapozungumzia mitaa hii.

Hoja yenyewe ni hii: majengo ya mkoloni ya nini? Yabomolewe, tujenge yetu. Inasemwa na watu ninaowaheshimu, na ina ladha ya uzalendo, kwa hiyo inastahili jibu la heshima.

Jibu la kwanza: mkoloni hakubeba jiwe. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, ufundi wa pwani uliokuwapo kabla hajafika. Boma la Kale, lililo karibu na bandari, lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar, wakati Wajerumani bado hawajawa hata na dola moja. Na walipofika wao, waliojenga ni mafundi na vibarua wa hapa, wengine wakisukumwa na kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, wengine wafungwa waliofanya kazi wakiwa na minyororo shingoni. Ukisema jengo lile ni la mkoloni, umempa hati ya kiwanja na umempa pia jasho la babu yako.

Jibu la pili: ushahidi hauchomwi na aliyeibiwa. Mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa sheria za ujenzi, kanda tatu. Ya kwanza, nyumba za namna ya Ulaya zenye bustani. Ya pili, nyumba imara za biashara. Ya tatu, vibanda. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya jengo. Ila kila mtu alielewa, na ndiyo maana tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, eti kwa ajili ya afya, kana kwamba uswahili ni homa inayorukia watu. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Leo ukitoka baharini ukaelekea Kariakoo kwa miguu, bado unaiona migawanyo hiyo: bustani na nafasi pana, kisha ghorofa za maduka zenye baraza juu na majina ya familia na miaka yaliyochongwa kwenye plasta, kisha uwazi, kisha msongamano. Ramani ya ubaguzi imeandikwa kwa mawe. Ukibomoa yote, mjukuu wako atasoma kwamba palikuwa na ubaguzi, na atakuwa hana pa kuuona.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Yanapobomolewa, hatujengi "yetu". Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na sehemu kubwa ya Uhindini ikawa mali ya umma, hatimaye chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Kuna familia zilizoumia siku ile, na uchungu wao hauishi kwa kuwa sheria ilipitishwa. Lakini kwa karatasi, kuanzia hapo, mitaa ile ni ya mimi na wewe. Kisha ukaja wakati wa ubia, na kiwanja kimoja baada ya kingine jengo la ghorofa mbili likatoweka, likaota la ghorofa kumi na tano la vioo. Nionyeshe mwalimu wa shule ya msingi anayepanga humo. Nionyeshe baraza lake ambalo muuza kahawa anaweza kuegesha dele. Lile jengo la zamani lilikuwa na kivuli cha bure barabarani, maana lilijengwa na watu waliojua jua la hapa. La vioo linarudisha jua usoni kwako.

Na sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Hesabu mwenyewe: mji ambao Majid alianza kuujenga katikati ya miaka ya 1860 hauna jengo linalopenya kwenye tundu hilo. Mengine yote yanasubiri waziri ayatangaze, na kilichotangazwa kwa karatasi kinaweza kutanguliwa kwa karatasi.

Hapo ndipo wanapoingia wahifadhi wa aina ya pili, wenye suti. Wao wanasema: sawa, tuyaokoe, lakini uhifadhi unataka pesa, na pesa ni za watalii. Kwa hiyo jengo la kale liwe hoteli ndogo ya kifahari, mgahawa, duka la vinyago. Nawaelewa, chokaa hainunuliwi kwa hisia. Lakini natazama ng'ambo ya maji. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wageni wamejaa, hoteli zimejaa. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote pale, ilianguka likiwa kwenye ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Sisemi watalii waliliangusha. Nasema sifa na dola hazikutosha kulisimamisha, kwa hiyo tusiuziwe utalii kama dawa ya kila ukuta.

Na jengo likiokolewa kwa ajili ya mnunuzi peke yake, kwa mtu wa kawaida limebomolewa tu kwa njia nyingine. Mchana mmoja niliketi kwenye ukuta mfupi wa jengo moja la kale mjini, lililokarabatiwa vizuri, nikimenya chungwa. Mlinzi akaja, kijana wa rika langu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, hapo hapakaliwi." Nikamuuliza kwani pana nini. Akasema, "Ni kwa wateja." Nikamuuliza mteja akikaa anakalia nini, hapo hapo? Akacheka, akatazama nyuma yake, akasema, "Kaka, mimi nimeambiwa tu." Nilinyanyuka, sikuwa na ugomvi naye, jua lilikuwa linampiga yeye kuliko mimi, na kiti hakupewa.

Ila neno lake nimelibeba. Hapakaliwi. Zamani mji ulituambia hapajengwi isipokuwa kwa namna fulani, na kila mtu akaelewa nani anakusudiwa. Leo mji unatuambia hapakaliwi isipokuwa kwa wateja, na kila mtu anaelewa nani anakusudiwa. Mara zote mbili hakuna aliyetajwa. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kanda tatu zilikwisha mwaka 1961.

Nina neno pia kwa wasafiri wa bajeti, wakiwemo Watanzania wenzetu waliojifunza mtindo huo mtandaoni. Kutembea kwa pesa kidogo kumegeuka kuwa mchezo wa ushindi. Mtu anamkata mama ntilie mia tano kwenye sahani ya elfu mbili na kujisifu kwamba ameujua mji kama mwenyeji, kisha jioni analipa elfu tisa kwa kikombe cha kahawa yenye povu bila kuuliza bei. Huyo hajatembea kwa bajeti, amehamishia bajeti yake mgongoni kwa mama wa watu. Ukienda Posta na buku tano, lipa bei iliyotajwa. Watu pekee wanaoufanya ule mji ukalike kwa mtu wa kawaida ni hao: mama ntilie, mzee wa kahawa, muuza mihogo, fundi viatu mwenye benchi anayekukaribisha ukae wakati anashona soli. Wao ndio Idara ya Ukarimu ya jiji, na wanafukuzwa na mgambo kila operesheni ya usafi inapopita.

Kwa hiyo tunadai nini? Madai yangu hayahitaji mkopo wa benki ya dunia.

Viti. Mabenchi ya saruji chini ya miti kuanzia Kivukoni mpaka Boma la Kale, ya kukaliwa na yeyote. Choo safi cha umma kila baada ya mitaa michache, kwa sababu mwanamke hawezi kutembea siku nzima kwenye mji usio na choo, na mji usioweza kutembewa na mwanamke haujafunguliwa. Ukarabati wowote wa jengo la umma uwe na sharti moja: chumba cha chini au ua wake uwe wazi kwa mwananchi angalau siku moja ya juma. Vibao vya Kiswahili vinavyosema ukweli wote. Atiman House, kwa mfano, nyumba ya enzi za Majid iliyo pale kando ya bandari, imebeba jina la Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea udaktari na kuhudumia wagonjwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa miaka zaidi ya sitini. Wangapi tunaopita pale tunalijua hilo? Kibao cha mistari minne kingetosha. Na pale kwenye sanamu ya askari, kwa kuwa iliahidiwa kwamba majina yatakumbukwa, tuanze kuyatafuta na kuyaandika majina ya wapagazi, hata kama tutapata kumi tu.

Dai la mwisho ni kwako unayesoma hapa, mwenye shahada na simu yenye kamera nzuri kuliko ya mpiga picha wa harusi. Nenda. Anza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, na kama hakimo kwenye buku tano ya leo kiweke ya mwezi ujao. Ng'ambo ya barabara kuna Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribu mimea ya biashara. Miti yake haikuulizi tiketi. Kisha fuata Samora, shuka bandarini, panda Uhindini, vuka Mnazi Mmoja. Nenda na mdogo wako. Nenda na wanafunzi wako kama unafundisha. Mkiulizwa mna shida gani, semeni mnatembea.

Msidhani kutembea hivyo ni jambo dogo. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili watu wasichanganyike. Lakini uwazi ni uwazi. Haukuwa na geti wala kiingilio, na watu wakaanza kuutumia. Pembeni yake, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na katika uwanja uleule maelfu ya watu wa mji huu, wengi wao wa kutembea kwa miguu kutoka Kariakoo na Ilala, walikusanyika kumsikiliza Nyerere. Mkoloni alijenga ukanda wa kututenga, sisi tukaufanya ukumbi wa kuidai nchi, kwa sababu tulikuwa na pa kusimama pasipo na bei. Kizazi chetu kinapokonywa sehemu za namna hiyo moja moja, na kwa sababu kinachotumika ni bei badala ya bunduki, hatupigi hata kelele. Tupige. Na kwa kuanzia, Jumamosi, tuende tukakae pale panaposemwa hapakaliwi.